Jogoo wa Nadhiri

Nilikubali nikiwa nimechuchumaa nyuma ya jiko la mama, puani mwangu mkiwa na harufu ya mavi ya kuku na majivu yaliyolowa mvua. Aliyeniomba ni Ramazani, mtoto wa baba mkubwa, aliyekuwa akilelewa kwetu na aliyenizidi umri na kifua. Alimwonyesha kwa kidevu jogoo wetu, aliyekuwa akikwaruza ardhi karibu na karo, akaniambia kwa Kiswahili chetu cha Gisenyi, "We Idi, siku utamaliza juzuu, ile jogoo batakata kichwa. Donc, usimalize." Ningeweza kukataa. Hakunishika shati, hakunitishia, hakuniahidi kitu chochote. Nilifikiri kidogo, kama mtu anayeulizwa iwapo atakunywa chai, nikasema sawa. Nimekuwa mzee sasa, nimesema maneno mengi ya kijinga maishani mwangu na mengi yamesahaulika. Lile moja halijasahaulika.

Nyumba yetu ilikuwa katika mtaa wa Waislamu, ule ambao watu wengine wa mji waliuita kwa Waswahili, kwa sababu babu zetu walifika wakifuata biashara wakabaki na lugha yake. Baba alikuwa fundi cherehani. Alishona barazani, mgongo wake ukielekea ukuta na uso wake ukielekea barabara, na sauti ya cherehani yake ndiyo iliyotuambia kwamba nyumba iko salama. Ikinyamaza kwa muda mrefu, mama alitoka jikoni kuangalia. Jogoo aliletwa na mkulima wa viazi kutoka Bugeshi, kule juu kwenye baridi chini ya milima ya moto, kama asante ya koti la harusi. Alikuwa bado mdogo, miguu mirefu, manyoya ya shingo hayajajaa, na alilala kwenye kapu la mabaki ya vitambaa akilialia. Zuhura, mdogo wangu wa kike ambaye hata hakuwa ameanza kusema vizuri, alimbeba kifuani kama mwanasesere.

Siku zile zile nilikuwa nimefika sehemu ya mwisho ya juzuu ya Amma katika chuo cha Kurani, na baba, ambaye mwenyewe hakuwahi kuimaliza kwa kichwa, alijawa na furaha iliyomzidi. Baada ya sala ya Ijumaa, mbele ya majirani na mbele ya Maalimu wetu, alisema kwa sauti kwamba Mungu akimjalia Idi amalize juzuu, jogoo huyu ni nadhiri, atachinjwa kwa ajili ya watoto wa chuo. Maalimu alikuwa mzaliwa wa Ujiji, mtu mkavu, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama kanzu iliyopigwa pasi. Alimwuliza baba kama amekusudia jogoo yeyote au huyu. Baba akasema huyu. Hapo ndipo kosa lake lilipokuwa, na naliita kosa kwa heshima, kwa sababu alilifanya kwa kunipenda. Kwa mafundisho tuliyolelewa nayo, mnyama akishatajwa katika nadhiri habadilishwi. Hauzwi, hachinjwi kwa jambo jingine, na mwenye nadhiri na watu wa nyumba yake hawali nyama yake. Tangu siku ile tulikuwa na jogoo asiye wetu, na ambaye hakuna mtu ila mimi aliyeweza kumwondoa duniani.

Alikua haraka. Manyoya ya shingo yakawa na rangi ya shaba, kilemba chake chekundu kikasimama, na kucha zake za nyuma, zile zinazochomoza juu ya kisigino, zikarefuka na kupinda kama misumari. Tukamwita Kapita, jina la wale wasimamizi wa mashamba ya kahawa waliotembea na fimbo kwapani wakitafuta wa kumchapa. Alianza na mama. Alimrukia kwa nyuma alipoinama kuosha vyombo, akamchana shavu la mguu. Mama akaanza kutembea uani na mfuniko wa sufuria mkononi, akiutanguliza mbele ya magoti, na majirani wakamcheka kwa juu ya ua wakimwuliza vita vinapiganwa wapi. Alimwendea Maalimu kwa unyenyekevu, akamwomba wakipe chuo kuku wawili badala ya huyu. Maalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwamba jogoo ameshatajwa, na kwamba dawa iko nyumbani kwake mwenyewe: mtoto amalize kusoma.

Tulikuwa na paka pia, jike jeupe lenye mkia wa kijivu, jina lake Sukari. Alikuwa kipenzi cha baba. Alizalia chini ya cherehani, katika kapu lile lile la mabaki ya vitambaa alimolala Kapita alipokuwa mdogo, na nadhani jogoo hakusahau kwamba kapu lilikuwa lake. Mchana mmoja, baba akiwa msikitini, Kapita alipanda barazani. Sukari alimkabili. Mimi na Ramazani tulikuwa tumekaa kwenye ngazi, tukaona yote. Paka alimpiga makofi mawili matatu, jogoo akaruka, akamshukia na miguu yote pamoja, sikio la Sukari likapasuka, naye akakimbilia juu ya bati. Kisha Kapita akaingia kwenye kapu. Watoto wa paka walikuwa bado hawajafungua macho. Aliwadonoa kama anavyodonoa mahindi, bila haraka, akiinua kichwa kila mara kutazama kama kuna anayekuja. Ufagio ulikuwa karibu na mkono wangu. Ramazani alikuwa akicheka mpaka ameshika tumbo, nami nikacheka, kwanza ili nisionekane mwoga, halafu kwa kweli. Baba aliporudi tulimwambia kwamba mbwa aliingia. Alivizika vile vitoto nyuma ya choo akiwa na kanzu yake ya sala, na Sukari hakushuka kwenye bati ila kwa kula.

Mtu atauliza nilimtakia nini ndege kama yule. Nilikuwa mwembamba, kifua kikikoroma kila msimu wa mvua, na wavulana wa mtaa waliniita Uzi, kwa kazi ya baba na kwa umbo langu. Walinivua kofia na kuitupiana. Kisha siku moja mmoja wao, Salumu, mtoto wa mwuza nyama, alinifukuza mpaka ndani ya ua wetu, na Kapita akamtokea nyuma ya pipa la maji. Salumu alipanda ukuta akilia, kaptula imechanika, na wenzake waliona. Tangu hapo nilipita mtaani nimembeba Kapita kwapani, nimemziba macho kwa kiganja, na wavulana walinipisha. Waliniuliza habari yangu. Walinigawia miwa. Jogoo mwenyewe hakunipenda zaidi ya wengine; ninalo kovu lake kwenye kifundo cha mkono mpaka leo. Lakini alinipa kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho, na nilijua kwamba siku nitakayomaliza kusoma nitarudi kuwa Uzi.

Ndiyo sababu Ramazani, aliyempenda jogoo kwa fujo zake, hakuhitaji kunibembeleza. Juzuu yote nilikuwa nayo kichwani. Niliisoma kimya kitandani, niliisoma nikiwa chooni, ingawa sikupaswa kusoma huko, na haikunikwama popote. Lakini mbele ya Maalimu nilichagua mahali pa kukwama: katika Sura Amma, pale panapotajwa bustani na mizabibu. Nikifika hapo nilitazama chini, nikarudia neno, nikalichanganya na la sura nyingine. Maalimu alikuwa na fimbo ya mti wa kahawa, naye hakuchapa kwa hasira, alichapa kama anayepigilia kitu mahali pake. Nilivimba viganja. Nilirudi nyumbani siwezi kushika kijiko, na mama alinipaka mafuta ya mawese akisema kwamba mtoto huyu anateseka kwa sababu ya akili yake nzito. Ramazani, aliyekuwa akisikia kutoka mlangoni, alinikonyeza. Nilijiona shujaa. Niliona kwamba navumilia kwa ajili ya rafiki.

Aliyeogopa kuliko wote ni Zuhura. Alikuwa ameanza kutembea imara, na ua wote ulikuwa wa jogoo. Akisikia tu mbawa zikipigwa alikimbia, na Kapita, kama wanyama wote wa aina yake, alimfuata anayekimbia. Siku moja nilimkalisha nikamfundisha. "Zuu, ikikuja usikimbie. Kaa, ukuwe kama jiwe. Haiwezi kukufanya kitu." Sehemu ya maneno hayo ilikuwa kweli, kwa kuwa nilishaona kwamba Kapita hupoteza hamu kwa kitu kisichosogea. Sehemu nyingine ni kwamba mimi na Ramazani tulipenda kumtazama. Tulimweka katikati ya ua, tukamrushia jogoo punje za mahindi karibu na miguu yake, na yeye akakaa kama jiwe, macho ameyafumba, machozi yanamtiririka bila sauti, mpaka jogoo amalize kula na kwenda zake. Kisha nilimsifu. Nilimwambia ana moyo wa simba, naye akacheka na kunishika shingo. Aliniamini kuliko alivyomwamini mama.

Mwishowe Maalimu aliamua kwamba nitasomeshwa nyumbani kwetu, mbele ya wazee na watoto wote wa chuo, huenda aibu ikafanya kazi ambayo fimbo imeshindwa. Ilikuwa Alhamisi. Mama alipika maandazi tangu alfajiri na kuosha mchele wa kupika na mchuzi wa jogoo. Baba alifunga cherehani, akanoa kisu kwenye jiwe la karo. Alikuwa amemshonea Zuhura gauni la manjano lenye vifungo vyeupe, kwa kitambaa cha mteja aliyekataa nguo yake, na akamkalisha mwisho wa mkeka akamwambia asilichafue. Kapita alifungwa kwa kamba kwenye mguu wa benchi. Alikaa juani asubuhi nzima bila maji. Watoto wa chuo, wakisubiri, walimchokoa kwa vijiti na kumtupia vijiwe, na kila aliporuka kamba ilimwangusha kifudifudi, nao wakacheka. Nilimwona mdomo wazi, ulimi umechomoza, na nilimhurumia zaidi ya nilivyowahi kumhurumia mtu.

Nilianza vizuri. Sauti yangu ilitulia, na nilimwona baba akisogeza midomo, akinifuata. Nilifika kwenye bustani na mizabibu. Baba alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono yote miwili. Nilimwangalia, nikamwangalia jogoo, nikachanganya. Maalimu akanirudisha. Nikachanganya tena, mahali pale pale. Watoto wakaanza kunong'ona. Maalimu akafunga msahafu aliokuwa ameushika, akasema, "Bado. Mwacheni jogoo aishi mpaka mwenyewe awe tayari." Wazee wakanyanyuka polepole, wakavaa viatu, wakamwambia baba maneno ya kumpa moyo. Mama aliwagawia watoto maandazi langoni ili wasiondoke hivi hivi. Baba alibaki amekaa, hanitazami. "Mufungulie," akaniambia.

Nikamfungulia. Nilifurahi, na hilo nalo nalikumbuka. Kapita alisimama, akatikisa manyoya, akageuka kutafuta wa kumlipa. Watoto wote walikuwa langoni. Uani palikuwa na mkeka mtupu na juu yake Zuhura peke yake, katika gauni la manjano, vifungo vikimeremeta juani. Alimwona akija. Hakukimbia. Alikaa kama nilivyomfundisha, mikono juu ya mapaja, akayafumba macho. Nadhani mlio wa mbawa ndio uliomfanya ayafumbue.

Sitaeleza kilichoonekana. Mama alitupa sinia ya maandazi, akaja mbio na mchi wa kinu, akauinua juu ya jogoo aliyekuwa bado anadonoa. Baba akamshika kifundo cha mkono. Sijui kama nilishawahi kuona jambo la ukatili zaidi ya lile, na lilifanywa na mtu mpole anayemwogopa Mungu. "Mama Idi, hapana. Si yetu," alisema. "Ile jogoo si yetu." Mama alimtazama kama asiyemjua. Aliuachia mchi, akamchukua Zuhura, akamfunga mgongoni kwa kitenge huku damu ikipita kwenye nguo zote mbili. Alipofika langoni aligeuka, hakumtazama baba, alinitazama mimi. "Soma, Idi," alisema. "Soma sasa hivi umalize. Nikirudi nisiikute hapa." Kisha akashika njia ya hospitali.

Maalimu alikuwa amesikia kelele, akarudi kutoka barabarani, na wazee nyuma yake. Baba akamwambia kwamba mtoto atajaribu tena. Sikujaribu. Nilisoma. Nilisimama pale pale kwenye mkeka uliolowa, nikaanza, na maneno yakatoka yote, moja baada ya jingine, yakafika kwenye bustani na mizabibu yakapita kama maji, yakashuka sura kwa sura mpaka ile fupi ya mwisho. Watoto wa chuo walifurahi. Mmoja wa wazee alisema hofu imemfungua mtoto ulimi. Lakini Maalimu alinisogelea. "Kumbe ulikuwa unajua," akasema kwa sauti ndogo, ya kuniambia mimi peke yangu, lakini baba alikuwa karibu. Baba alichukua kisu, akamshika Kapita, akamlaza, akataja jina la Mungu. Mkono uliokata ulikuwa umetulia kabisa. Watoto wa chuo wakampika na kumla, na Ramazani akala nao, ingawa hakuruhusiwa, akinyonya mifupa na kusema nyama ni ngumu.

Mama alirudi jioni. Zuhura alikuwa amelala mgongoni, nusu ya uso imefungwa bendeji. Daktari alikuwa amesema jicho la kushoto halipo tena. Jirani yetu, mama mmoja mwenye roho nzuri, alimkimbilia langoni akitaka kumpunguzia uchungu. "Furahi kidogo, Mama Idi," alimwambia. "Mutoto wako amesoma yote. Hakukosa hata pahali moja."

Mama alisimama. "Hata moja?"

"Hata moja. Maalimu mwenyewe iko shahidi."

Mama aliniangalia juu ya bega la yule jirani. Alielewa pale pale, nilimwona akielewa. Hakunipiga wala kuniuliza. Alinipita akaingia ndani, na tangu siku hiyo aliendelea kunipa chakula, kunifulia nguo, kuamka usiku kunitazama nikiwa na homa, lakini hakuwahi tena kunikabidhi Zuhura nimbebe. Nikinyoosha mikono alimhamishia bega la pili. Baba naye hakuweka nadhiri nyingine maishani mwake. Siri ile walikaa nayo wote wawili, kila mtu kwa upande wake, na walikufa bila kumwambia Zuhura.

Zuhura alikua. Shuleni watoto walimwita Kapita, wakawika akipita, na baadhi ya siku niliwapiga, na baadhi ya siku nilijifanya sikusikia. Aliacha masomo mapema; mimi nikaendelea mpaka sekondari kwa jasho la baba. Yeye alinipenda vile vile. Alipoolewa Rubona na kuanza kuuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, karibu na bandari, aliniletea samaki kila wiki, wamekaangwa vizuri, wamefunikwa na jani la mgomba, akiwaambia wanangu kwamba baba yao alimfundisha kuwa na moyo wa simba. Nilikula zile sambaza miaka mingi. Nilikuwa na nafasi nyingi za kusema, kila wiki nafasi moja, na kila wiki nilimshukuru kwa samaki.

Aliyesema ni Ramazani, katika msiba wa mama. Tulikuwa tumekuwa watu wazima wenye mvi, tumekaa kwenye viti vya kukodi uani, na yeye, kwa kutaka kuchangamsha waliokesha, akawasimulia jinsi Idi alivyokubali fimbo za Maalimu kwa ajili ya kuku. Watu walicheka. Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Alingoja mpaka wageni wapungue, akaja akakaa karibu yangu.

"Kaka, ile siku ya gauni," alisema. "Ulikuwa unaijua juzuu?"

"Nilikuwa naijua yote," nikamjibu.

Aliliweka birika chini, akajifunga mtandio vizuri, akaenda kuosha vikombe.

Siku hizi Gisenyi si ile. Pale palipokuwa na ua wetu pameinuka ghorofa, chini wanauza simu, na kinachoniamsha ni pikipiki zinazopeleka watu mpakani kabla jua halijachomoza, si kuwika kwa jogoo. Mjukuu wangu huniletea kuku kutoka sokoni akiwa ameshanyonyolewa, kwenye bahasha ya kaki, na hajui mnyama huyo alikuwa na uso gani. Anapenda paka, na anao wawili wanaolala kitandani kwake bila kuogopa chochote. Namtazama akiwabembeleza, nafikiri kwamba watoto wa sasa ni wapole kuliko tulivyokuwa, kisha nakumbuka kwamba hata sisi, kwa aliyetuona kutoka barabarani, tulionekana watoto wa kawaida katika nyumba ya watu wema.

Mara chache hupanda basi dogo nikashuka Rubona. Zuhura bado anauza, pale pale, amezeeka, mgongo umeinama. Namsalimia. Anaijibu salamu yangu, kwa sababu dini inamtaka aijibu, kisha anageuza uso, ananielekezea upande wa kushoto, ule usioona, na kuendelea kupanga samaki wake mpaka niondoke. Sambaza haleti tena. Nilitaka kukaa na jogoo kwa muda kidogo zaidi, nikakaa naye. Dada yangu alipoteza jicho, nami nikampoteza dada yangu.